Kontrakta wa Igowole: Dole Gumba la Jailos

Ukuta ulikwisha kuanguka. Hapo ndipo nilipowaacha juma lililopita: nyumba ya nne ya vibarua katika shamba la chai karibu na Igowole imepoteza ukuta wake mmoja, na Jailos yuko chini ya matofali kuanzia kiunoni.

Kwa yule ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kukutana na upumbavu wangu, nitaeleza kwa ufupi. Mimi ni Asukile, fundi matofali, mtu wa Iyunga. Mwaka ule wa 1953 niliacha kazi ya mshahara pale Mbeya kwa sababu baba mkwe wangu, mzee Ezekia, alisema mbele ya watu waliotoka kanisani kwamba binti yake Tusekile ameolewa na kibarua. Nikaapa kwamba sitakuwa kibarua tena. Nikaenda Mufindi, nikakutana na Liberatus, aliyepewa na shamba kazi ya kujenga nyumba kumi na mbili. Akanigawia sita.

Akaniletea karatasi ya Kiingereza. Kiingereza sikijui. Liberatus akaweka kidole juu ya neno moja, akasema, "Hapa umeandikwa kontrakta."

Nilitia sahihi kabla hajaondoa kidole.

Haya. Tulimtoa Jailos chini ya matofali, lori la shamba likampeleka hospitali ya Iringa. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Siku ya tatu mke wake akaja kwenye kazi.

Jina lake Evarista. Alikuja kwa miguu, mtoto mgongoni, na hakuwa analia. Hilo lilinichukiza mara moja. Mwanamke anayelia unaweza kumwambia pole, ukamaliza.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene, mama."

"Nani tajiri wa Jailos, aliyemwandika kazi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Nikanyoosha mkono kwa Liberatus, aliyekuwa amesimama kando ya tanuru akifuta kiatu chake kwa majani. Liberatus alikuwa karani wa ghala kabla ya kuwa bwana mkubwa, na bado alitembea na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana.

"Mama, pole sana," Liberatus alisema. "Lakini mimi sina kibarua hata mmoja. Nimempa kazi Bwana Asukile, naye ni kontrakta, mtu anayejitegemea. Watu ni wake. Posho yao ni yake. Wakivunjika, wamevunjika mikononi mwake. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?" nikauliza.

"Kwenye karatasi yako, ndugu yangu. Hukuisoma?"

Vibarua wangu walikuwa wanasikiliza. Ningeweza kusema kweli, kwamba sikuisoma kwa kuwa siwezi kuisoma. Badala yake nikakohoa, nikasema, "Nimeisoma sana. Nilitaka mama huyu asikie kutoka kwako."

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Msinihurumie mapema.

Evarista akanigeukia. "Basi tajiri ni wewe."

"Mambo haya yana sheria zake, mama. Nitakwenda Iringa kuyashughulikia."

"Na mimi nitakwenda," alisema. "Bwana Leba anasikiliza watu Jumamosi."

Bwana Leba ndivyo vibarua walivyomwita Mzungu wa serikali aliyeshughulikia kesi za kazi. Sikujua kama mwanamke wa kijijini angeweza kuijua siku yake ya kusikiliza watu. Mimi nilikuwa siijui.

Niliwaza mchana kutwa, na nilichowaza kilinipendeza. Kama karatasi iliweza kuutoa mguu wa Jailos kwa Liberatus na kuuleta kwangu, basi karatasi nyingine itautoa kwangu na kuurudisha kwa Jailos. Naye pia atakuwa kontrakta! Nimempa kazi ya kupanga matofali, akaipanga kwa utaalamu wake mwenyewe, ukuta ukamwangukia, shauri yake. Nikajiona nina akili kuliko wanasheria wa Dar es Salaam.

Ijumaa nilikuwa Iringa. Karibu na soko alikaa mwandishi wa barua, mzee mmoja mwenye taipu iliyokuwa imepoteza herufi moja. Nikamweleza ninachotaka: mkataba kati ya Asukile, kontrakta, na Jailos, kontrakta.

Alinitazama juu ya miwani. "Makontrakta wawili?"

"Wawili."

"Na huyo wa pili anajua kuandika?"

"Hajui."

"Kontrakta asiyejua kuandika," alisema, akaanza kupiga taipu. "Naona nchi yetu inaendelea."

Alipomaliza akanipa. Nilisoma jina langu mara nne. Lilikuwa limepigwa kwa herufi kubwa. Nikatoka pale nikiwa nimeikunja karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, isije ikajikunja vibaya.

Sasa nitasema jambo ambalo mke wangu mwenyewe hajalisikia kutoka kinywani mwangu.

Hospitali walinielekeza kitanda cha dirishani. Jailos alikuwa amefungwa plasta mpaka pajani na mguu umening'inizwa kwa kamba. Aliponiona akajaribu kujiinua.

"Kamwene, bwana nyapara! Umekuja."

"Mimi si nyapara," nikamwambia. "Mimi ni kontrakta."

Mtu ana mguu uliovunjika mara mbili, na mimi nikasimama pale kumsahihisha.

"Samahani, bwana kontrakta. Kazi inaendeleaje? Ule ukuta mmeuinua?"

"Tumeuinua."

"Vizuri. Safari hii mwache udongo ukauke kwanza. Nilikuambia siku ile ulikuwa bado mbichi."

Ni kweli alikuwa ameniambia. Nami nilikuwa nimemjibu apande juu akapange, au aondoke na kipande chake, kadi ya siku za kazi, kikiwa hakijakamilika. Lakini pale kitandani hakulisema kwa kunilaumu. Alilisema kama fundi anayemfundisha fundi mwenzake.

Nikatoa karatasi na kidau cha wino.

"Ni nini hiyo?"

"Ni mambo ya mguu wako. Ya sheria."

"Ya fidia?"

Sikusema ndiyo. Nataka lieleweke kwamba sikusema ndiyo. Kwa muda mrefu nililishika jambo hilo kama mtu anavyoshika risiti: mimi sikumdanganya, alijidanganya mwenyewe. Nilinyamaza tu, nikafungua kidau.

Jailos akacheka kwa furaha. Akamwita mgonjwa wa kitanda cha pili. "Unaona? Ulisema hatakuja. Nilikuambia huyu ni mtu wa kanisa, kitabu chake cha nyimbo hicho hapo." Kisha akanipa mkono, akaniachia kabisa, kama mtoto anayekatwa kucha. Nikalichovya dole gumba lake, nikaligandamiza.

"Mungu akubariki," alisema.

"Amina," nikajibu.

Jumamosi asubuhi tulikuwa ofisini kwa Bwana Leba. Mimi, Liberatus katika suti yake ya kijivu, na Evarista na mwanawe. Bwana Leba alikuwa Mzungu mrefu mwenye mafua, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, jambo lililoniudhi kwa kuwa nilitarajia kujificha nyuma ya mkalimani.

"Jailos ni mtu wa nani?" aliuliza.

Liberatus akaweka karatasi yake mezani. Bwana Leba akaisoma, akaiweka kushoto.

Nami nikaweka yangu. Niliiweka taratibu, nikiwa nimesimama wima. "Bwana, Jailos hakuwa mtu wa mtu yeyote. Alikuwa kontrakta kama mimi. Dole lake hilo hapo."

Evarista akainuka kidogo, akaliangalia lile dole. Akakaa.

Bwana Leba alipenga kamasi. "Sawa. Tuulize maswali machache. Mwiko aliotumia Jailos, ulikuwa wa nani?"

"Wangu, Bwana."

"Nani alimwambia aje saa ngapi?"

"Mimi."

"Siku akiumwa, aliweza kumleta ndugu yake afanye kazi mahali pake?"

"Hapana, Bwana. Mimi ndiye ninayechagua watu."

"Alilipwa kwa nyumba au kwa siku?"

"Kwa siku. Alikuwa na kipande cha siku thelathini."

"Kontrakta mwenye kipande," alisema Bwana Leba. Akamgeukia Evarista. "Mama, una la kusema?"

"Mjomba wake alikufa mwezi wa pili," Evarista alisema. "Jailos aliomba ruhusa kwa huyu aende kuzika. Huyu akamnyima. Mtu anayejitegemea anaomba ruhusa ya kuzika?"

"La," alisema Bwana Leba. "Haombi." Kisha akaisogeza karatasi yangu mbele yangu kwa ncha ya penseli. "Na hapa juu, nisomee."

Nikasoma. "Iringa. Tarehe kumi na tatu Machi."

"Ukuta ulianguka lini?"

Ulianguka tarehe tisa.

"Kwa hiyo," alisema, "mtu aliyelala hospitali siku nne, mguu wake umening'inia, alikubali kuja kujenga nyumba zako."

Mwandishi wa barua alikuwa amepiga tarehe ya siku ile kwa sababu ndiyo desturi ya watu wanaojua kazi yao. Nami nilikuwa nimesoma jina langu mara nne.

Liberatus alicheka kwa pua. Bwana Leba hakucheka. Aliikunja karatasi, akaitia katika droo yake, na hapo nikajua imekwisha kuwa ushahidi.

"Jailos alikuwa kibarua," alisema. "Hilo limekwisha. Kuandika jina jingine juu ya kibarua hakumgeuzi. Sasa ninyi wawili. Asukile, mwiko wako ni wa nani?"

"Wangu. Nilinunua mwenyewe."

"Unalipwa kwa siku?"

"Kwa nyumba, kila moja ikiisha."

"Nani aliamua watu waanze saa ngapi na wamalize saa ngapi?"

Hapo nikasita. Ukweli ni kwamba Liberatus alikuja kila asubuhi na saa yake ya mkononi. Alinipangia masaa, alinipangia tofali la kuanzia, na mara mbili alinikata shilingi kwa kuchelewa. Nikayasema hayo yote kwa sauti ndogo.

Bwana Leba aliandika, akaweka penseli chini. "Wewe uko katikati. Mambo mengine ni ya kontrakta, mengine ni ya nyapara. Kama ulikuwa nyapara wa Liberatus, basi vibarua walikuwa vibarua wake, na mguu huu ni mzigo wake. Kama ulikuwa kontrakta, mguu ni mzigo wako. Nataka kusikia kutoka kwako mwenyewe. Ulikuwa nani?"

Mlango ulikuwa wazi, wasomaji wangu. Mlango wa mbele, mpana, na Mzungu wa serikali ndiye aliyeushika. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu: nilikuwa nyapara wake.

Nikafungua kinywa.

Liberatus akawahi. Aliinuka, akavua kofia, akasema kwa sauti ya huruma, "Bwana, naomba. Mwandike nyapara. Msimsumbue. Ni kijana mzuri, ila haya mambo makubwa hayawezi. Mimi nitambeba, kama nilivyombeba siku zote. Hata baba mkwe wake, kama alivyonisimulia mwenyewe, alishasema, huyu ni kibarua tu."

Damu ilinipanda masikioni. Nilimwona mzee Ezekia nje ya kanisa, na mkono wake mmoja juu ya fimbo. Nilimwona Tusekile akitazama chini.

"Mimi ni kontrakta!" nikapaza sauti. "Nimetia sahihi! Watu walikuwa wangu, kazi ilikuwa yangu, na Jailos alikuwa mtu wangu! Mimi ndiye tajiri wake!"

Bwana Leba aliokota penseli yake.

Liberatus akavaa kofia yake. Akaketi. Akaangalia kiatu chake, na nikaona shavu lake likicheza kidogo, na hapo, nikiwa bado nimeinua kidole juu, nikaelewa alichonifanyia. Alikuwa ameninunua kwa bei ile ile aliyoninunulia mara ya kwanza. Hata hakuongeza senti.

Bwana Leba akaandika. "Imeandikwa. Wewe Liberatus usiende mbali, sheria bado inaweza kukurudia. Asukile, kwa kuwa wewe ni tajiri, nionyeshe daftari la majina ya vibarua wako."

"Sina daftari, Bwana."

"Stakabadhi zako za kodi?"

Nikapapasa mfuko wa koti, kana kwamba zingekuwamo.

Kodi. Nilipokuwa Mbeya, karani wa kodi alipokuja nilimwambia mimi ni mtu wa Mufindi, kodi nalipa huko. Nilipofika Mufindi nikasema mimi ni mtu wa Mbeya, kodi nalipa kwetu. Miaka mitatu nilifanya hivyo, na kila mara nilijisifu kwa Tusekile jinsi nilivyowazunguka. Nilidhani serikali ni ndugu wawili waliogombana na hawasemezani.

"Zipo nyumbani, Bwana."

"Zote?"

"Zote. Za miaka mitatu. Tusekile, mke wangu, amezifungia kwenye sanduku."

Sanduku lipo. Ndani yake kuna khanga mbili na picha ya harusi.

Bwana Leba akaandika tena. "Nakupa siku kumi na nne. Utaleta stakabadhi na utaleta sehemu ya kwanza ya fidia. Usipoleta, utashtakiwa kwa kodi, na utashtakiwa kwa karatasi iliyo katika droo yangu. Lakini siwezi kukuachia hivi hivi. Nani atakudhamini?"

Nikamtazama Liberatus. Alikuwa anatazama saa yake.

"Hapa Iringa simjui mtu, Bwana."

"Basi utakaa ndani."

Askari wa mlangoni akasogea. Alikuwa amekwisha kunishika kiwiko, ndipo sauti ilipotoka upande wa benchi.

"Nitamdhamini mimi."

Evarista alikuwa amesimama, anamhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine.

Hata Bwana Leba alishangaa. "Wewe, mama? Unaelewa? Akikimbia, utapoteza dhamana."

"Naelewa. Nina ng'ombe wawili, niliachiwa na mama yangu. Jumbe wa kwetu anawajua."

"Kwa nini umdhamini mtu huyu?"

"Mfungwa anavunja mawe ya serikali," Evarista alisema. "Mawe hayo mimi siyali. Nataka huyu awe nje, afanye kazi, alipe."

Nikadhani bado kuna huruma mahali. Nikamwambia, "Asante, mama. Sikutarajia. Nimekubali kuwa tajiri wake kwa ajili ya Jailos na kwa ajili yako."

Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichoganda kwenye soli.

"Bwana Asukile, usinitie katika jambo lako. Nimekaa hapa nimeona. Ulikuwa unakwenda kumkana Jailos mara ya pili. Umesema kweli kwa sababu umetukanwa. Na jana ulikwenda kumchukua dole akiwa kitandani, akakuombea baraka. Aliniambia kwa furaha. Sikuwa na moyo wa kumweleza."

Kisha akaenda mezani, akachovya dole gumba lake katika wino, na kuliweka pale alipoonyeshwa. Hakuuliza wino ni wa nini. Lakini kabla ya kuchovya alisubiri asomewe kila mstari, polepole, na mstari mmoja akaomba urudiwe.

Nilitoka nje. Jua lilikuwa kali. Liberatus alipita karibu yangu, akagusa kofia, akasema, "Kwaheri, bwana kontrakta." Nilitamani kumpiga. Sikumpiga. Nilifunga kifungo cha koti, kana kwamba hilo ni jibu.

Nikaenda kituo cha basi, na njiani nilipiga hesabu. Stakabadhi sina. Daftari sina. Fidia sina. Lakini basi la Mbeya haliishii Mbeya. Linakwenda mpaka Tunduma, na mbele ya Tunduma ni mpaka, na mbele ya mpaka ni migodi ya shaba, ambako watu wa kwetu wamejaa na hakuna anayemuuliza mwenzake jina la zamani. Tusekile ningemwandikia barua. Ng'ombe wale wawili niliwaona mbele ya macho yangu, wekundu wote wawili, ingawa sijawahi kuwaona. Nikawafukuza.

Sitasema nilipigana na dhamiri. Nilisimama foleni.

Zamu yangu ikafika. Karani wa tiketi hakuinua macho.

"Unakwenda wapi?"

"Tunduma," nikasema.

Akavuta kitabu cha tiketi. Na nyuma yangu, karibu kabisa na bega langu, mtoto akapiga chafya, na sauti ninayoijua ikasema kwa utulivu:

"Mkatie mbili. Analipa tajiri."